Pareto

Kamusi niliinunua Mwanjelwa, kwenye turubai la mitumba,
kati ya kiatu cha kushoto na redio isiyo na mgongo.
Haina jalada. Inaanzia katikati ya herufi B.
Nikalitafuta neno letu hadi nikalikuta kwenye P,
limevaa herufi nyingi kuliko inavyohitaji,
kama mtu wa mjini aliyekuja msibani.

Inasema Waingereza walilichukua kwa Warumi,
Warumi kwa Wayunani,
wale wale wa nyaraka za Paulo,
na Wayunani walilichonga kutoka neno lao la moto,
kwa sababu ya mmea mwingine, jamaa yake,
ambao mzizi wake ukiutafuna
unaunguza ulimi.

Moto!
Nilicheka peke yangu hadi mwenye nyumba akagonga ukuta.

Maana mimi naijua pareto ya Ilembo.
Julai, sakitu imelala juu ya maua
na maua yamelala juu ya mlima,
meupe juu ya meupe, huoni kinachoishia wapi.
Vidole vimekufa ganzi. Mama anavipuliza
kama anayefufua kaa la jana,
kisha ananirudishia kikapu.
Bibi Nsalile alisema *paleto*,
na karani Mwashiuya, mtu wa mizani nzito na kalamu nyepesi,
aliandika alivyosikia.
Hivyo ndivyo Wayunani walivyofika Umalila:
kwenye risiti, wamepungukiwa herufi,
kilo nne na nusu.

Joto hatukuliona.
Ila usiku, kwenye banda la kukaushia,
nilipokuwa nikipiga chafya mpaka machozi,
nzi alitua kwenye ua moja,
akatembea hatua mbili,
akaanguka chali, miguu ikiandika hewani.
Hakuwahi kushika kamusi yule,
lakini neno alilielewa hadi mzizi.

Jana nimempigia mama.
Nikamwambia: pareto, asili yake ni moto.
Akanyamaza. Nikasikia upepo wa kule,
na kuku, na mtu anapasua kuni.
“Moto?” akasema.
“Basi ndiyo maana hela yake
haikuwahi kukaa mfukoni.”

Kisha akaniuliza kama nimenunua blanketi.