Meno Yatazame Chini

Miaka thelathini na minne nimeinama juu ya vinywa vya watu wa Överkalix,
nikimshikia daktari kioo na pamba,
kwa hiyo Algot aliponiambia, "Kwanza, meno yatazame chini,"
nilicheka peke yangu. Yeye hakucheka.
Alikuwa ameshika wembe wa msumeno, mwembamba kama uzi wa kushonea,
akiupapasa toka juu hadi chini, kisha toka chini hadi juu:
huku unateleza, huku unakwaruza.
"Ukiufunga kichwa chini, utaunyanyua ubao na kukupiga nao."

Ukaze. Uguse kwa ukucha.
Usipolia, bado. Ukilia kama mbu, bado.
Ukilia kama waya wa gitaa, washa.

Ni Februari. Gereji ina jiko moja la kuni
na gari lisilo na magurudumu.
Mchoro niliununua Luleå: kulungu wa huku kwetu,
yule mrefu kuliko farasi,
pembe zake kama viganja viwili vilivyokinga theluji.
Tumebandika utepe juu ya plai, na karatasi juu ya utepe,
ili mwishoni karatasi ing'oke bila kuchuna ngozi.

Algot akavaa miwani. Akanyamaza.
Huyu mzee akinyamaza, hata jiko hupunguza sauti.
"Aliyechora hajawahi kumwona," akasema.
"Goti la nyuma limekunjwa kama la mtu aliyekaa kwenye benchi.
Na nundu iko wapi?"

Kijiji kizima kinajua: alipiga thelathini na mmoja.
Bunduki akaiuza mwaka aliofariki Gunvor,
na hakuna aliyethubutu kumuuliza.
Akachukua penseli. Hakufikiri, mkono ndio uliokumbuka:
nundu ikapanda, goti likarudi mahali pake,
ndevu zikaning'inia chini ya koo.
Kisha, nyuma ya mguu wa mbele, pale kiwiko kinapogusa mbavu,
penseli ikashuka ikaacha nukta.

Nami nilikuwa nimeshatia keekee kijiti chake cha milimita mbili.
Kila tundu la ndani lazima litobolewe kwanza, ndivyo alivyonifunza,
wembe upate mlango wa kuingilia.
Nimeshatoboa jicho. Nimeshatoboa mapengo ya pembe, saba.
"Na hapa?" nikauliza. "Nitoboe hapa?"

Alitazama nukta ile kana kwamba ni mtu mwingine aliyeiweka.
Akatafuta kifutio mifukoni, hakukipata,
akaifuta kwa kidole gumba kilichotiwa mate.
"Hapo usitoboe."

Basi tukaanza. Matundu ya ndani kwanza, umbo la nje mwisho,
maana ukikata nje mapema huna tena pa kushika.
Usiusukume ubao, ugeuze. Wembe haujui kona, ni wewe unayejua.
Bandu bandu huisha gogo, wasemavyo,
lakini mimi nilitaka gogo libaki,
nikazuia pumzi kama zamani, mgonjwa akiwa amefumba macho.

Zilipita Jumatano tatu. Vumbi likaingia mpaka kwenye kahawa.
Jumatano ya tatu, ncha moja ya pembe, nyembamba kuliko njiti ya kiberiti,
ikavunjika ikaruka chini ya lile gari.
Nikapiga magoti kuitafuta kwa tochi.
"Iache," Algot akasema. "Wako wengi hivyo. Hupigana Septemba."

Nikang'oa karatasi, nikapiga msasa, laini baada ya mkavu.
Sasa amesimama dirishani kwangu,
na mwanga wa theluji unapita kwenye jicho na kati ya pembe.
Kifuani haupiti.

Algot alikuja kumwona. Alivua kofia, kisha akaivaa tena.
"Wiki ijayo lete ubao mnene kidogo," akasema,
"tujaribu dubu."
Alikuwa ameshafika mlangoni.
"Dubu sikuwahi."