Upande wa Pili wa Zaburi

Padre Gaudensi, fungua, ni mimi Filberta,
mfua vitambaa vya altare.
Nimeleta ndoo moja ya maji, na unajua
maji ya Newala yanavyopanda mlima: kwa shingo za watu.
Nimeleta ming'oko, imechemshwa na chumvi.
Mlango uache wazi. Tukiufunga
watatunga hadithi nyingine,
na hii moja bado hawajaimaliza.

Wanasema magunia kumi na saba.
Korosho za paa la kanisa, zikapimwa ghalani,
mnada ukapita, hela ikaingia,
bati hatukuliona.
Mhasibu wa kamati yuko Mtwara, simu haipatikani.
Huku imebaki karatasi, na sahihi yako chini yake.
Askofu kaandika: kapumzike kigangoni,
usiadhimishe misa hadharani mpaka neno lijulikane.
Kapumzike!
Neno laini, kama pamba ya maiti.

Sikuja kukuuliza.
Wala sikuja kukuapia; sikuwepo mkitia sahihi,
na nimezeeka vya kutosha kujua
kwamba mtu mwema naye ana mifuko.
Kama ulichukua, sema, ungali na ulimi.
Kama hukuchukua, ngoja,
ukweli haujapata nauli, unakuja kwa miguu.
Vyovyote vile, kula.
Ming'oko ikipoa inakuwa kuni.

Unakumbuka mwaka ule wa mtoto wa Chitumbe?
Alikufa alfajiri. Ilipofika saa nne
jina langu lilikwishafika sokoni: mchawi.
Hata mwanangu wa kumzaa
akawa ananisalimia kutoka ng'ambo ya njia.
Hukuhubiri. Hukuitisha mkutano.
Ulikuja mchana, jua la utosi, kila jicho likiona,
ukaketi barazani pangu, ukasema,
"Mama, nina njaa."
Ukala ugali wangu kwa kisamvu,
ukaramba vidole, ukaomba tena.
Mimi ndiye niliyepika siku ile,
na mimi ndiye niliyeshiba.

Basi leo ni zamu ya chungu changu.

Siwezi kukuondolea dhambi, sina mamlaka hayo.
Mamlaka yangu ni sabuni ya mche na pasi ya mkaa.
Stola yako ya zambarau nimeifua,
ina tone la nta pale begani,
nimelikwangua kwa ukucha, halitoki lote.
Nimeikunja hivyo hivyo, na alama yake.

Jana jioni nilipita nyuma ya nyumba nikiokota mabibo,
nikakusikia ndani, unasali masifu.
Unasema mstari, unanyamaza,
halafu unajijibu mwenyewe.
Upande wa kulia wewe, upande wa kushoto wewe,
na katikati popo wa darini.
Kule parokiani tulijaa madawati pande zote mbili,
miaka tisa, wengine tukisinzia,
wengine tukiwaza salfa na bei ya kilo,
lakini tulikujibu.
Walikwenda wapi wale?
Nami nilikuwa wapi wiki tatu hizi?
Nilikuwa nyumbani, Padre. Niliogopa.
Nilisubiri nione wengine watapita njia gani.
Hilo nalo nililileta, lipo chini ya ming'oko.

Nipe kitabu. Hapana, miwani kwanza.
Kusoma kwangu ni kwa ngumbaru,
maneno marefu yatanikwamisha, unisubiri.
Haya, anza.
Ukifika kwenye kile kinyota, nyamaza.
Usijijibu.
Nyamaza, Padre,
hapo ni pangu.