Stakabadhi Isiyo na Mzigo

Bwana Mkapunda,
jina langu mnalo ukutani kwenu, Mtanda, Lindi,
ndani ya fremu ya dhahabu bandia,
na mimi niko Chikongola nasonga ugali wa muhogo,
sijui hata mlango wa ofisi yenu una rangi gani.

Ulisema, "Nipe karatasi tu, Somoe.
Mwili baki nao."
Ukacheka, nami nikacheka:
laki mbili kila mwezi si mchezo
kwa mtu anayekausha simu zilizoingia maji
kwenye kibanda cha bati.

Ni kweli, cheti ni changu.
Nilikisomea usiku, miezi kumi na mmoja,
umeme ukikatika nasoma kwa mwanga wa simu,
simu ikizima nakariri gizani
milango ya mtandao kwa namba zake
kama mtoto wa chuoni na juzuu yake.
Ada ya mtihani ilikuwa magunia matatu ya ufuta wa mama
na mbuzi mmoja ambaye nyumbani hatumtaji.
Basi changu ni changu, nikajiambia;
mwenye nyumba hupangisha chumba,
mwenye baiskeli huazimisha baiskeli.
Nikasaini.

Sikujiuliza:
mpangaji wa jina analala wapi?

Zabuni mkaipata.
Mliandika: "Tunaye mtaalamu wa usalama wa mitandao,
mwajiriwa wa kudumu."
Wa kudumu!
Mimi, ambaye hata bando halinidumu.

Oktoba, saa nne usiku, simu kutoka Kitangari.
Karani wa chama cha msingi, kijana, Chilumba jina lake,
anahema kama aliyekimbia.
"Mhandisi, mizani haiongei na kompyuta.
Kilo za watu hazionekani.
Kwenye mkataba kuna jina lako.
Nywila ni ipi?"

Nikanyamaza.
Nyuma yake lori linanguruma,
na mwanamke anasema, hapazi sauti, anasema tu,
yangu yalikuwa kumi na nne,
kumi na nne, hesabuni tena.

Bwana, sikujua hata mtambo umefungwa chumba gani.
Nikamwambia: zima, halafu washa.
Usiku ule
hiyo ndiyo ilikuwa taaluma yangu yote.

Wewe umekulia kwenye korosho, huhitaji kuelezwa.
Karatasi ikisema kilo mia nane,
ghalani ziwemo kilo mia nane.
Siku karatasi inasema na ghala linapiga mwangwi,
hatusemi ni biashara,
tunamtafuta aliyesaini.
Na aliyesaini ni mimi.
Nilijiandikia stakabadhi kwa mkono wangu,
mzigo nikauacha nyumbani.

Halafu nasikia nakala yangu iko Masasi pia,
kwa shemeji yako.
Mama alinizaa mmoja.

Sisemi hutaniona tena.
Ukinitaka, nichukue jina na miguu.
Nipe ufunguo wa chumba cha mitambo,
nipe na ruhusa ya kusema "hapana, hii haijawa tayari"
hata kama mgeni rasmi ameshavaa suti.
Mkiandika "wa kudumu", nidumu.
Nikiondoka, mwandikieni mteja siku hiyohiyo,
msisubiri hadi msimu uishe.
Haya hayakuwa kwenye mkataba wetu.
Mkataba wetu ulikuwa na namba yangu ya simu
na namba ya akaunti.

Ya laki sita nimebakiwa na elfu themanini,
imo ndani ya bahasha hii.
Nyingine tulikula, sitasema uongo;
bati la jikoni kwa mama limetoka humo,
na mvua ikinyesha nalisikia.
Nitalipa kidogokidogo.

Jumatatu nakuja Lindi kwa basi la alfajiri.
Fremu usiishushe,
nitaishusha mwenyewe.
Nataka kwanza nione
msumari mliupigilia wapi.

Kisha napanda Kitangari.
Yule mwanamke alisema kumi na nne.