Dakika ya Arobaini na Moja

Theluji imelala juu ya Danubi usiku huu,
na mimi, niliyezungusha mikanda ya Zahari Velchov
miaka thelathini na minne hapa Ruse,
nimelitoa kopo lililokaa chini ya viazi vya mama.

Mnamjua Velchov wa majeneza.
Yule wa mjane anayemenya kitunguu kimoja
dakika tisa, bila neno.
Filamu kumi na moja, na hamkuonyeshwa jino.

Hii ya kwanza ni ya meno.

Daktari mlevi kabadilisha meno ya bandia:
ya meya kampa Penko mpiga klarineti,
ya Penko kampa meya.
Basi meya akiwahutubia wavuna waridi
kila "s" yatoka na mbinja,
na mbwa wa mji mzima waja mbio
wakidhani wameitwa.
Penko naye akipuliza klarineti, inatoa ahadi.

Aliichukia. "Snejana, ichome.
Nilikuwa na njaa, walinilipa soseji."
Nikachoma kopo tupu uani.
Moshi ulimridhisha.

Leo arobaini yake. Watu ishirini na makoti yao
wamekaa kimatanga, wanangoja huzuni ianze.
Mbwa wa kwanza apanda jukwaani. Kimya.
Wa pili. Mtu akohoa.
Wa saba ana kofia ya polisi mdomoni,
na mwalimu mstaafu, mstari wa mbele,
apasuka kama boga.

Mimi sicheki. Nangoja.
Meya auma tufaha, meno yabaki kwenye tufaha,
na hapo, nyuma ya kamera,
kuna mtu anacheka:
kwi, kwi, kwi, kuku ndani ya gunia,
kisha ajiziba mdomo, amechelewa.

Ni yeye. Ana miaka ishirini na sita.
Fundi wa sauti alisahau kumkata,
au hakutaka.

Mficha uchi hazai, husema.
Mficha kicheko, sijui.

Tsveta, mkewe, apanda ngazi hadi kwangu,
mkono ukutani, pumzi juu juu.
"Kitanda kimoja, miaka arobaini," asema,
"hiyo sijawahi kuisikia.
Rudisha."

Narudisha.
Mbwa washuka jukwaani kinyumenyume,
meno yarejea kinywani,
tufaha linakuwa zima.