Irabu Moja

Mjukuu wangu kanisomea kwenye simu:
Jaji Aubrey Fontenelle amefariki
kisiwani kwao, Santa Lusia,
umri miaka tisini na mmoja.
Wametaja vyeo: wakili wa serikali, jaji,
jaji wa rufani, rais wa mahakama ya visiwa,
nishani mbili, chuo kilichomvisha joho jekundu.
Tanga wameipa nusu ya sentensi:
"aliwahi pia kuhudumu Afrika Mashariki."

Basi nusu iliyobaki niimalizie mimi,
Semkiwa, mkalimani mstaafu, Chumbageni.

Alikuja mwaka wa sitini na tisa.
Tuliambiwa jaji anatoka ng'ambo, tukamngojea Mzungu;
akashuka mtu mweusi kama mimi,
mrefu, mwembamba, mlingoti wa mkonge,
na kisanduku cha bati chenye wigi.
Wigi lile! Manyoya ya farasi, joto la Februari.
Mchana alilianika dirishani kama dagaa.

Jumamosi alikwenda Ngamiani kwa baiskeli,
suruali kaibana kwa vibanio vya nguo.
Siku moja akasimama mbele ya fungu la shelisheli,
akalishika moja kwa mikono miwili, kimya,
kama mtu aliyempata nduguye kituo cha polisi.
"Hili ni letu," akasema. "Bibi yangu alilichoma kwenye makaa."
Muuzaji hakupepesa: "Litakuwa lako ukitoa thumuni."
Alicheka mpaka kibanio kikafyatuka.
Jioni akaniuliza: ile "ki" katika "ukitoa",
kijisilabi kile, kinafanya kazi gani?

Kisha kesi ya Bukuru, mkata mkonge wa Pongwe.
Mnyapara Likwanya kakutwa mtaroni, kichwa kimepasuka,
na Bukuru ndiye wa mwisho kuonekana naye.
Kizimbani aliongea Kiswahili cha Kigoma, chini chini,
maneno yakiishia kooni.
Akaulizwa: jioni ile ulimfanya nini marehemu?
Akajibu.
Nami nikageuza kwa Kiingereza, upesi, kwa sauti yangu ya kazi:
alimuua.

Feni ikazunguka. Karani akaandika.
Wazee wa baraza wakatazamana.
Kitanzi hakina kamusi.

Jaji akaweka kalamu chini.
"Mkalimani. Amesema 'nilimmaliza',
au 'nilimmalizia'?"

Jasho likanishuka mgongoni, lote, kwa mpigo.
"Sema tena, baba. Taratibu."
"Nilimmalizia. Deni lake. Shilingi thelathini na moja."

Irabu moja, nyembamba kama uzi wa katani,
nami niliimeza
kwa kuwa ilikuwa saa sita na nina njaa.

Likaagizwa daftari la duka la Pongwe:
dole gumba la Likwanya, wino wa zambarau, tarehe ile ile.
Ugomvi ulikufa kabla ya mtu.
Sisemi daftari peke yake lilimwokoa;
zilifuata siku nne za mashahidi, na mvua, na mengine.
Lakini mlango ulifunguka pale.

Jioni nilimfuata kuomba radhi.
Alikuwa akiutia mnyororo mafuta. Hakuinua uso.
"Bibi yangu hakujua Kiingereza.
Alisema Krioli yetu mbele ya hakimu,
na mkalimani alikuwa na haraka.
Aliingia na ekari mbili, akatoka na mwavuli."
Akapangusa vidole, kimoja kimoja.
"Mwavuli niliushika mimi. Nilikuwa na miaka saba."

Miaka mingi baadaye nilipekua jalada lile masjala.
Mwandiko wake, uliosimama wima:
"Hapa mkalimani, kwa hiari yake, alijisahihisha."

Kwa hiari yangu!
Mtu aliyemfunga diwani kwa kughushi risiti ya saruji,
mimi akanighushia heshima.
Nikaila miaka hamsini. Nikapandishwa cheo kwayo.

Sasa amezikwa, na sina wa kumpelekea ombi la marejeo.
Mjukuu, andika wewe, mkono wangu unatetemeka.
Kumbukumbu isomeke hivi:
mkalimani hakujisahihisha.
Aliyesikia alikuwa jaji.