Angalia Juu Kwanza

Bi Lindqvist kavunjika nyonga kwenye ngazi zake mwenyewe.
Kabla hawajafunga mlango wa gari la wagonjwa
akanikabidhi funguo, kamba, na Otto:
mbwa wa kilo mbili na robo, masikio yamekizidi kichwa.

Mimi, Mwanakombo, niliyelelewa kumkwepa mbwa njiani,
kukusanya pindo la nguo apitapo,
leo nina mbwa jikoni, ananikodolea macho
kama mtu aliyeahidiwa chai.

Karatasi iko kwenye mlango wa jokofu, mwandiko umelala kushoto.
Asitoke peke yake, hata dakika.
Kamba iwe fupi. Mweke mbali na kilishio cha ndege:
wadogo huja kula mbegu, wakubwa huja kula wadogo.
Alfajiri na magharibi ni saa za bundi.
Mvishe kizibao.
Na chini kabisa, kwa wino mwingine, mstari umepigwa mara mbili:
Kabla hujafungua mlango, angalia juu kwanza.

Kizibao nilikicheka.
Chekundu, miiba ya plastiki mgongo mzima,
nungunungu aliyealikwa harusini.
Nikampiga picha, nikamtumia dada yangu Pangani.
Akajibu: Huko mbwa wanavishwa. Na wewe je, umekula?

Ni Septemba. Duluth imeukalia mlima wake,
ziwa limelala chini, baridi, bila chumvi.
Vipanga wanashuka kutoka kaskazini. Maji makubwa hawayapendi,
basi hufuata ukingo, wakapita juu ya mapaa yetu,
mamia kwa asubuhi moja, wakizunguka bila kupiga bawa
kama majani ya chai kikombeni, kijiko kikishatolewa.

Sikuwahi kuwaona.
Miaka sita hapa nimetazama chini:
barafu, ngazi, funguo, saa ya zamu.
Anayeogopa kuteleza, mbingu si yake.

Jumanne nilichelewa. Nikamtoa Otto bila kizibao,
dakika mbili tu, uani, chini ya mti.
Kwanza shomoro walinyamaza.
Ukimya ule ningepaswa kuujua. Nimekua nao:
kuku anapinda shingo, jicho moja juu,
anatoa ile sauti fupi, na vifaranga hawapo tena,
pana mbawa tu.

Kivuli kikateleza juu ya nyasi.
Na koo langu likafunguka lenyewe:
Swaa! Mwewe! Swaa! Mwewe huyooo!
Sauti ya mtoto wa miaka minane
aliyeshika kifuniko cha sufuria na mwiko,
kumbe haijasahau kazi.
Nikamwangukia mbwa kwa magoti na viwiko,
nikamfunika kwa koti la kazini,
pua yake mbichi shingoni mwangu, na wala sikukumbuka kunawa.

Kucha zilichana kofia. Basi.
Kipanga akatua juu ya uzio,
akanitazama bila chuki, bila haya,
mwenye njaa aliyebisha mlango usio wake,
kisha akaenda zake kusini.
Simlaumu. Ana safari.
Mimi nina amana.

Mvulana wa nyumba ya pili alikuwa amesimama na baiskeli, mdomo wazi.
Ulipiga kelele gani ile?
Nikamwambia: Jina lake.

Usiku Bi Lindqvist akapiga simu kutoka kitandani hospitalini.
Nikamwambia Otto amekula, amelala.
Nikamwambia ndege ni wengi mwaka huu.
Akakaa kimya kidogo. Akasema: Umewaona, basi.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, tulikuwa tukisema.
Asubuhi hii kamba nimeizungusha mara mbili kwenye kifundo cha mkono,
upande mmoja mimi, upande mwingine kilo mbili na robo za miiba,
na ni nani kati yetu kamfunga mwenziwe, sijui.
Nimeshika kitasa. Otto ananivuta.
Subiri, namwambia. Subiri kwanza.