Mikono Itulie

Fomu ya bima inasema: saa ishirini na tano kwa wiki.
Nikahesabu. Hata mimi mama yake,
ninayekesha nikiwageuza wazee vitandani huko Chelmsford,
sipati saa ishirini na tano za kumtazama Mwakio.

Kaylin hubisha hodi saa tatu asubuhi, theluji kwenye buti,
huzivua mlangoni bila kuambiwa. Ana adabu.
Ana kishikwambi, na kikombe cha zabibu kavu,
na sauti isiyopanda wala kushuka,
kama maji ya mfereji yaliyofungiwa lango.
Mwakio, mikono itulie.
Zabibu.
Mwakio, nitazame.
Zabibu.
Mikono ikiruka, yeye haoni, hasemi,
anasubiri tu, kidole juu ya kioo.
Kimya kile hawakiiti adhabu.
Mwanangu hajui wanakiitaje.

Mghanga ananiambia, mwache afunzwe,
samaki mkunje angali mbichi.
Ananiambia, miaka kumi ijayo atakuwa kijana mweusi,
mrefu kama babu yake wa Wundanyi,
anapunga mikono kando ya barabara hapa Lowell,
polisi anamwita, haitiki.
Utamwambia polisi kwamba hiyo ndiyo furaha yake?
Sina jibu. Nakwenda nalo kazini hilo swali,
narudi nalo alfajiri, limelala kiti cha abiria.

Na Machi, mwezi wa saba wa zabibu,
Mwakio aliniletea kikombe akasema: maji.
Walimfunza kwa Kiingereza; alisema kwa kwetu.
Nilikaa sakafuni nikalia, Kaylin naye akalia,
kishikwambi kikajizimia mezani.
Siwezi kulikana neno lile.
Nililijaza, nikampa, akanywa.

Lakini yuko Sophea wa maktaba,
anayerudisha vitabu rafuni huku akiyumba kidogo,
mbele, nyuma, mbele.
Aliniona nikiishika mikono ya mtoto foleni isije ikaruka.
Akasema, nami niliwekwa kitini hivyo, miaka minne.
Nilifunzwa kutazama watu machoni, na ninatazama:
moja, mbili, tatu, nageuza.
Ila nikihesabu, dada, sisikii unachoniambia.
Nilifunzwa kukubali, nikakubali,
hata kwa mwanamume ambaye ningemkatalia;
neno la kukataa sikulikuta mdomoni.
Kisha akapiga muhuri kitabu cha treni,
akampa Mwakio bila kumtaka aseme asante.

Nimekuna samaki wengi maishani.
Yule wa methali ni mbichi, sawa,
lakini mbichi si hai.
Nilimwambia Mghanga hivyo. Akanyamaza,
akaenda kukwangua barafu kwenye gari lisilo na barafu.

Jana fomu imerudi, mwaka mpya wa bima.
Kwenye saa nimeandika kumi. Wameniuliza kwa nini kumi;
sijui kwa nini kumi.
Kwenye malengo kulikuwa na mistari mitano.
Nimeacha minne wazi.
Wa tano: afunzwe kusema hapana.
Kaylin alisoma mara mbili. Akauliza, kwa nani?
Nikamwambia, aanze na wewe. Kisha mimi.

Leo asubuhi alimwambia, Mwakio, mikono itulie,
kwa mazoea tu, nadhani, hakukusudia.
Mwakio alikuwa dirishani, matone yakidondoka kutoka paani,
na kila tone alilipokea kwa vidole kumi hewani.
Hakugeuka.
Akasema, taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu kipya:
Ha-pa-na.

Kidole cha Kaylin kikabaki juu ya kioo,
kinatafuta kisanduku.
Zabibu ziko kikombeni.
Mghanga, mlangoni, amevaa koti mkono mmoja,
ananitazama mimi, si mtoto,
na sijui bado
kama ananiuliza au ananijibu.